Sura ya Sita: Kofia Iliyobaki Kichwani

Parokia yetu ya Hawkrigg haikuwa na jela. Mtu akikamatwa hulala kwa konstebo, hula cha konstebo, na mke wa konstebo ndiye humfulia soksi. Hakuna aliyewahi kulalamikia utaratibu huo, mpaka masika ya mwaka 1654, konstebo wetu, Lancelot Harker, alipomfungia Ambrose Thackwray ndani ya chumba chake mwenyewe cha jibini.

Jumamosi asubuhi Harker aliingia jikoni akamkuta mkewe, Sisley, anapaka siagi kwenye mkate wa shayiri. Haikuwa siagi ya kila siku. Ilikuwa ile ya chungu cha bluu, ya wageni.

"Huo wa nani?"

"Wa mfungwa wako."

"Mimi jana nilipewa mafuta ya nguruwe."

"Wewe jana hukuwa mfungwa," Sisley akasema, akaendelea kupaka mpaka kwenye kingo.

Harker aliuchukua ule mkate mkononi mwake bila kuombwa. Wivu ulikuwa umemkaa tangu Jumatano. Sisley alikuwa amejiunga na dhehebu la Marafiki, wale ambao watu mtaani waliwaita Watetemekaji, tangu majira ya mavuno. Kila Jumapili alitoka kwenda kumsikiliza Thackwray akihubiri, akarudi na uso uliotulia namna ambayo Harker hakuwahi kumsababishia yeye. Sasa mtu huyo alikuwa chini ya paa lake, na sheria ilikuwa upande wa Harker kwa mara ya kwanza.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumatano wakata mboji walikuwa juu kwenye kinamasi, wanachimba ule udongo mweusi tunaowashia moto, jembe likagonga mtu. Kinamasi chetu hakiozeshi. Mtu alikuwa mzima kama aliyelala, ngozi imekuwa nyeusi tu, na wazee walimtambua kwa meno yake ya mbele: Rowland Askwith, askari wa Mfalme, aliyetekwa na kikosi cha Bunge cha Kapteni Lodge siku ya pigano la Daraja la Hagg, miaka kumi iliyopita, katika vita vya Mfalme na Bunge. Nyuma ya sikio alikuwa na tundu la risasi. Mikono yake ilifungwa mgongoni kwa ukumbuu, kile kitambaa kirefu cha rangi ya chungwa ambacho askari wa Bunge walijifunga kiunoni.

Msamaha wa vita uliotangazwa London haukumfunika mtu aliyempiga risasi mateka aliyefungwa mikono. Huyo angenyongwa.

Rangi ya ukumbuu ilikuwa imekufa, lakini mshono haukufa. Pembeni palitariziwa majani ya mwaloni, vikonyo vyake vyote vimeelekea kushoto, kwa sababu aliyeshona alitumia mkono wa kushoto. Bonde zima lilikuwa na mwanamke mmoja tu aliyeshona hivyo. Harker aliutazama, akaukunja, akauweka sandukuni chini ya mashati yake, na hakumwonyesha mkewe.

Jioni ile ile alikuja Ninian Dinsdale. Ninian alikuwa Rafiki wa kwanza katika bonde letu, na ghala lake la nyasi ndimo walimokutania. Vitani alikuwa kikosi kimoja na Thackwray. Harker akamtolea ukumbuu. Ninian akautazama, akaweka mkono kifuani.

"Huu ulikuwa wa Ambrose," akasema. "Inaniuma kusema. Na mshono huu, Lancelot, sihitaji kukuambia ni wa mkono wa nani."

Basi. Alisema hilo akaondoka, na Harker hakupata usingizi. Asubuhi akamkamata Thackwray.

Tatizo lilikuwa kiapo. Marafiki hawaapi, hata uwakate vidole. Hakimu Stapeley alikuwa amegonga meza. "Neno la Dinsdale bila kiapo kwangu ni upepo," alisema. "Lakini wewe unaapa, Harker. Mshono wa mkeo unaujua. Jumatatu njoo uweke mkono juu ya Biblia, useme ukumbuu huu alishonewa nani. Ukishasema, nampeleka York kwenye mahakama kuu, na York hawacheleweshi kumnyonga mtu."

Kwa hiyo shingo ya Ambrose Thackwray ilikuwa imening'inia kwenye ulimi wa Lancelot Harker, na Harker alilijua hilo vizuri, na sitaki kumsingizia, lakini kuna wakati alilifurahia.

Alifungua chumba cha jibini. Thackwray alikuwa amekaa juu ya pipa, mabega mapana yamegusa rafu, kofia kichwani.

"Vua kofia. Uko nyumbani kwa watu."

"Mkeo hakunitaka niivue."

Harker aliuweka mkate juu ya rafu kwa nguvu, kipande kikakatika. "Humu ndani unajibu ninachokuuliza, habari za mke wangu ziache. Ulikuwa mkuu wa ugavi katika kikosi cha farasi cha Kapteni Lodge?"

"Nilikuwa."

"Kazi yako?"

"Wewe ulikuwa askari, Lancelot Harker. Unaijua."

"Nataka uiseme wewe."

"Mkate wa watu. Nyasi za farasi. Mahali pa kulala." Thackwray akatua kidogo. "Na viatu."

"Viatu gani?"

"Vya waliokufa. Bunge lilitutumia hotuba nyingi, viatu vichache. Nilikuwa navua buti za maiti, wa kwetu na wa kwao, nawavisha wazima. Sikuacha hata jozi moja ardhini, na kapteni alinisifu kwa hilo. Ikafika asubuhi moja, watu wamejipanga, pigano halijaanza, wanatafuna mkate na kutaniana. Nikajikuta naangalia miguu yao. Najisemea, huyu akianguka, buti zake zitamtosha yule aliye nyuma yake. Nilikuwa nimeshamvua mtu viatu moyoni, na mwenyewe bado anacheka. Siku hiyo ndiyo niliyoanza kuacha upanga, ingawa ulikaa kiunoni mwaka mwingine mzima."

Harker alikuwa askari wa miguu wa Bunge. Alitembea vita vizima amejifunga magunia miguuni, akila vumbi la farasi wa watu kama hawa. "Sisi hizo buti hatukuziona," akasema.

"Najua. Niliwapa wa kwetu kwanza. Hiyo nayo naijutia."

Ndivyo alivyokuwa mtu yule. Ukimtupia jiwe analipokea kana kwamba ameletewa zawadi, na jambo hilo lilimkera Harker kuliko matusi. Akachomoa ukumbuu ndani ya koti.

"Unaujua huu?"

Thackwray aliutazama kwa muda mrefu. Rangi ilimtoka usoni. "Naujua."

"Wako?"

Thackwray akageukia tundu dogo la hewa ukutani.

"Nani alikupa?"

"Muulize aliyeushona, Lancelot."

"Nakuuliza wewe!"

"Nami nimekujibu. Yuko mtu anayepaswa kusema kabla yangu. Kwetu hatumshtaki mwenzetu kwa hakimu kabla hajapewa nafasi ya kusema mwenyewe. Namngoja."

"Kesho kutwa unaenda York! Utangoja mpaka kamba ifike shingoni?"

"Nikingoja mpaka huko, nitakuwa nimengoja."

Harker alisikia damu inampanda kichwani. Mtu anayepaswa kusema. Nani mwingine, kama si Sisley? Kumbe walikuwa na siri, wawili hawa, na yeye ndiye mjinga anayewapitishia mkate. "Haki ya Mungu, Thackwray..."

"Usiape," Thackwray akasema kwa upole.

Harker akaubamiza mlango mpaka jibini moja ikaanguka ndani.

Alitoka uani, akatembea tu apunguze hasira, miguu ikampeleka kanisani, ambako maiti ililazwa chini ya mnara ikingoja kuzikwa. Alitaka kuitazama tena. Alitaka, kusema kweli, kujihakikishia. Akafunua turubai kuanzia kichwani: tundu la risasi, mikono, alama za kitambaa kwenye vifundo. Akafika miguuni.

"Ala!"

Askwith alikuwa amevaa buti. Na si buti za hivi hivi: ngozi ya Kihispania, ndefu mpaka mapajani, soli nene, hazijachakaa hata kidogo. Harker alipiga magoti akazikandakanda. Baada ya miaka kumi kinamasini mtu angeweza kuzivaa akaenda nazo sokoni.

Mkuu wa ugavi asiyeacha hata jozi moja ardhini. Kikosi kilichokosa viatu kwenye theluji. Na buti kama hizi zikazikwa?

Aliyemzika Askwith hakufikiria viatu. Alifikiria kuficha na kukimbia. Au aliogopa kutokea kambini na buti za mateka, akaulizwa mwenyewe yuko wapi. Kwa vyovyote, hii haikuwa kazi ya mtu aliyetazama miguu ya watu kwanza.

Akiwa bado amepiga magoti, likamjia la pili, na hili alilijua kwa vile mwenyewe alikuwa askari. Mkuu wa ugavi hatembei na mateka. Mateka hukaa nyuma kabisa. Mkuu wa ugavi hutangulia, peke yake, anatafuta nyasi na paa kabla wenzake hawajafika. Siku ya Daraja la Hagg kikosi cha Lodge kililala wapi? Kila mtu alijua. Kililala kwa Bab Raw, na Bab Raw alikuwa bado analisimulia.

Nyumba ya Bab Raw iko juu kabisa ya bonde, upepo unaingia mlangoni bila hodi. Mjane huyu alikuwa anapiga siagi. Hakusimama.

"Mama Raw, habari za hapa."

"Wanamnyonga lini?"

"Bado, Mama."

"Ukiijua siku, nitumie mtu. Nitakuja na kigoda changu, nikae mbele."

"Alikufanyia nini hasa, huyo Thackwray?"

Hapo Bab Raw akaacha kupiga siagi. "Alinifanyia nini? Siku ya lile pigano la darajani alifika hapa kabla ya mchana, peke yake, farasi anafuka mvuke. Hata salamu hakunipa. Akatoa chaki, akaandika mlangoni kwangu watu wangapi watalala. Mlangoni kwangu! Akaingia ghalani, akaanza kupima nyasi zangu kwa mikono yake, huku za farasi, huku za kuniachia. Nikamshika koti. Akatoa kitanda cha marehemu mume wangu nje ili alaze majeruhi. Nikamshika tena. Tuligombana mpaka giza, kijana wa Harker. Mpaka giza! Nilimfuata nyuma uani kote, sauti ikanikauka."

"Hakuondoka hata kidogo? Hakurudi kinamasini?"

"Angeondoka ningemshukuru Mungu! Alinikalia hapa kama jino bovu."

"Wenzake walifika lini?"

"Giza limeshaingia, wamejaa theluji mpaka kwenye nyusi. Mateka wakaja mwisho. Wakawa wanafoka, mmoja hayupo. Mlinzi wa nyuma akasema ametoroka."

"Mlinzi nani?"

"Nitajuaje? Wote wamevaa kofia za chuma, sura sizioni."

"Mama, unajua kwamba hapo umemwokoa? Askwith aliuawa njiani, na wewe unasema Thackwray alikuwa hapa."

"Ebo! Mimi? Mimi simwokoi mtu. Nakuambia ubaya alionifanyia siku nzima bila kupumzika. Ukinipeleka kwa hakimu nitaapa hivyo hivyo, kwa mikono miwili." Akarudi kupiga siagi. "Ila nilidhani angalau nitamwona amening'inia. Nyie makonstebo hamna faida."

Harker aliteremka mlima, na ningependa kusema aliteremka na furaha ya mtu aliyeipata kweli. Hakufurahi. Alitaka mtu yule awe na hatia. Alikuwa ameshamzoea akiwa na hatia. Na hata sasa, akajisemea, nani anajua aliyoyasema Bab Raw zaidi yangu? Hakimu hakuuliza habari za nyasi. Hakimu aliuliza swali moja: ukumbuu alishonewa nani. Mshono ulikuwa wa Sisley, na Dinsdale alikuwa ameshasema. Huenda Thackwray alimwazima mtu. Huenda ulimdondoka. Lakini alikuwa nao, yeye, kutoka kwa Sisley, na hapo ndipo mawazo ya Harker yaliporudi kila mara na kukwama.

Nyumbani alikuwa akiikata nyama sahanini kwa nguvu. Sisley alimtazama mara mbili.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Mtu asiye na kitu hakati nyama namna hiyo."

Swali lilikuwa mdomoni pale pale, lakini aliona afadhali alimeze kuliko asikie jibu.

Jumapili, ambayo Marafiki huiita Siku ya Kwanza, Harker aliamka akakuta uani kwake pamejaa watu. Ghala la Dinsdale lilikuwa tupu. Walikuwa wamekuja hapa, wanaume upande wa zizi, wanawake upande wa kisima, wamekaa juu ya ndoo, magogo na ukuta, wameelekea tundu la chumba cha jibini. Hawakusema neno. Kuku walipita katikati ya miguu yao.

"Hii ni nini?" Harker akamwuliza mkewe, aliyekuwa anafunga ushungi.

"Ibada. Ambrose hawezi kuja kwetu, tumekuja kwake. Kuna sheria inayokataza watu kukaa kimya?"

Haikuwepo. Harker alisimama nyuma ya mlango wa jikoni akatazama. Ninian Dinsdale alikuwa mbele kabisa, karibu na tundu, amenyooka.

Walikaa. Mtu akakohoa. Kisha kutoka ndani, kati ya jibini, sauti ya Thackwray ikaanza kuomba, taratibu, kwa maneno machache, kwa ajili ya Rowland Askwith na kwa ajili ya mama yake.

Na wanaume wakavua kofia.

Harker akausukuma mlango aone vizuri. Watu hawa aliwajua. Hawakumvulia kofia hakimu. Hawakuivua mahakamani, wakapigwa faini, wakalala jela ya York kwa ajili ya kofia tu. Na leo wanaivua mbele ya tundu la chumba cha jibini! Akawapitia mmoja mmoja kwa macho, vichwa vyenye upara, vyenye mvi, vilivyochafuka kwa usingizi.

Kofia moja ilibaki. Ninian Dinsdale alikuwa ameivuta mpaka kwenye nyusi, macho yametazama chini, na misuli ya taya inacheza.

Harker akamfanyia mkewe ishara. Sisley alikuja mlangoni amekunja uso. "Tuko katikati ya maombi, Lancelot."

"Kwa nini yule hajavua kofia?"

Sisley alishusha pumzi. "Tunamvulia Mungu tu, na tunapoomba tunakuwa mbele yake. Mtu akibaki na kofia wakati mwenzake anaomba, anatuambia sote kwamba maombi haya hayatoki kwa Mungu. Hakuna neno zito kuliko hilo kwetu."

"Amefanya hivyo tangu lini?"

"Tangu majira ya baridi. Kila Ambrose akiomba." Akapunguza sauti. "Muelewe, Lancelot. Ninian ndiye aliyeanza. Alipigwa mawe sokoni akiwa peke yake, hakuna hata mmoja wetu. Ghala ni lake. Kisha yeye mwenyewe akamleta Ambrose, na watu wakaanza kutoka mabonde ya mbali kumsikia Ambrose. Siku hizi Ninian akisimama kunena, watu wanangoja amalize. Inamla."

Harker aliutazama tena uso ule chini ya kofia. Aliujua. Alikuwa ameuona tangu Jumatano kila aliponawa, ndani ya beseni.

Akaenda chumbani, akafungua sanduku, akarudi na ukumbuu.

"Sisley, nina swali. Nijibu tu, hata kama ni baya. Huu ulimshonea Ambrose?"

Sisley aliushika. Akaugeuza upande wa nyuma, kama afanyavyo kwa kila kitambaa. "Ambrose? Wakati huo hata jina lake sikuwa nimelisikia! Huu nilimshonea Ninian."

"Ninian."

"Kabla yako. Alitaka kunioa, mama yangu akawa ameshakubali, mimi nikakataa. Ukumbuu nikamwachia. Alikuwa anakwenda vitani, na mtu anayekwenda vitani humnyang'anyi kitu." Akaziona alama za mafundo kwenye kitambaa, na doa. "Umeutoa wapi?"

"Kwenye mikono ya Askwith."

Sisley akakaa juu ya kigoda.

"Umekuwa nao tangu lini humu ndani?"

"Jumatano."

"Tangu Jumatano! Na mimi nalala hapo hapo kando yako?" Sasa alikuwa amekasirika kweli, mashavu yamewaka. "Mtu anaenda kunyongwa, na wewe umeficha neno chini ya mashati? Ungeniuliza, Lancelot! Ningekuambia kabla maji hayajachemka."

"Niliogopa utakachosema."

"Basi wewe mpumbavu," Sisley akasema, na machozi yakamtoka.

Harker alikuwa anafikiria jioni ile ya Jumatano, na mkono wa Ninian kifuani. Sihitaji kukuambia ni wa mkono wa nani. Uongo wenyewe ulikuwa mwembamba, mwanamke mmoja angeukata kwa neno moja. Ninian aliujenga juu ya kitu kimoja tu: kwamba Lancelot Harker hatamuuliza mkewe.

"Utasema hayo mbele ya hakimu?"

"Nitasema."

"Utaapa?"

"Siapi. Unajua siapi."

"Basi ni upepo." Harker akajifuta uso kwa kiganja. Bab Raw angeapa, na Thackwray angetoka. Lakini Ninian angesema alimwazima mtu ukumbuu, na mwenye damu angerudi ghalani kwake, na kofia yake. "Nipe hicho kitambaa."

Alitoka nacho uani. Maombi yalikuwa yamekwisha na kimya kimerudi. Alikwenda mpaka kwenye msumari ukutani, pale Sisley anapoanika vitambaa vya kuchujia jibini, akautundika. Upepo ukaukunjua.

"Mimi si mmoja wenu, sijui mnavyosema mambo yenu," akasema. "Huu ndio uliofunga mikono ya Rowland Askwith. Kesho nitaapa ni wa nani, na aliyeushona ameshaniambia. Ila nimeambiwa kwenu mwenye jambo hupewa nafasi kwanza. Haya. Nafasi ndiyo hii."

Akavuta kigoda cha kukamulia, akakaa. Sisley alitoka jikoni akarudi mahali pake upande wa kisima, hakumtazama mtu. Hakuna aliyesogea. Ninian alikuwa ameuona ukumbuu. Akamtazama Sisley, akarudisha macho kwenye ukumbuu, na midomo yake ikawa myeupe.

Ng'ombe alilia zizini. Harker alitamani kumkamata pale pale na kumtikisa, lakini alikuwa amesema atangoja, akangoja.

Ndani ya chumba cha jibini Thackwray akaanza kuomba tena. Hakutaja jina la mtu. Aliwaombea waliokufa njiani, na waliowaacha njiani, na yeye mwenyewe aliyewavua viatu. Kofia zikatoka vichwani, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki ile moja.

Mkono wa Ninian ulipanda. Ukafika kwenye ukingo wa kofia, ukakaa hapo muda mrefu, kama mtu anayeshikilia isipeperuke. Kisha akaivua.

Nywele zake zilikuwa zimelowa jasho. Alisubiri Thackwray amalize, akasimama.

"Alikuwa anachechemea," akasema. "Goti lake. Theluji ilizidi, wenzangu wameshatangulia, hata sauti zao sizisikii. Kila hatua ananiomba nimngoje. Nikamngoja, nikamngoja." Akaishika kofia kwa mikono miwili. "Nilichoka kumngoja."

Kutoka ndani Thackwray akasema, "Ninian." Hilo tu. Ninian akafunika uso kwa kofia yake akalia kwa sauti, na wanaume wawili waliokuwa karibu naye wakamshika mabega, hawakumwacha aanguke.

Harker alifungua chumba cha jibini. Thackwray alitoka ameinama kwa sababu ya mlango, akasimama mbele ya Ninian, na sijui walichoambiana, kwa kuwa hawakusema kwa sauti. Harker akawaacha kidogo. Kisha akamgusa Ninian kiwiko, naye akaenda mwenyewe mpaka mlangoni, bila kuvutwa.

Pale kizingitini Ninian akageuka. "Nilijua hutamuuliza mkeo."

"Ulijuaje?"

"Mimi nisingemuuliza."

Harker akafunga mlango, akazungusha ufunguo.

Aliporudi jikoni Sisley alikuwa amesimama mezani, macho mekundu. Chungu cha bluu kilikuwa wazi na kisu mkononi, anapaka mkate wa mfungwa mpya, mpaka kwenye kingo. Harker alisimama akatazama. Alikumbuka yote aliyoyajua sasa: kwamba mkewe hakumdanganya kamwe, kwamba alikuwa mpumbavu, kwamba mtu karibu anyongwe kwa ajili ya upumbavu wake.

"Lete," akasema. "Nitampelekea mwenyewe."